Fundi wa Baraka anayekataza batri kulala njaa

Jua limeshavuka milima ya Ubwari na kuangaza ghuba nzima, lakini ufukweni Baraka, mji wa Kongo kando ya Ziwa Tanganyika, leo hakuna mwenye haraka. Mitumbwi imevutwa mchangani, nyavu zimeanikwa, wavuvi wanacheza karata kivulini. Ni siku za mbalamwezi. Mwezi ukiangaza ziwa lote, ndakala, dagaa wa huku, hawana sababu ya kufuata taa ya mtu, kwa hiyo ekipe zote, yaani vikundi vya wavuvi, zinapumzika mpaka giza lirudi.

Anayetokwa jasho ni mwanamke mmoja. Nyuma ya nyumba ya matofali ya udongo, karibu na barabara inayoteremka ziwani, Pulchérie Wilondja ameinamia batri kubwa ya gari. Amevaa miwani ya plastiki, glavu za kuoshea vyombo na aproni aliyoikata kutoka koti kuukuu la mvua. Anafungua vifuniko sita kimoja kimoja, kisha anafyonza asidi kwa kijibomba cha kioo chenye kielea ndani. Kielea kinazama hadi chini, ishara kwamba asidi imepungua ukali.

Anakitazama jinsi muuguzi anavyotazama kipimajoto cha mtoto mwenye homa.

"Hii imelala njaa," anasema.

Pulchérie ana miaka thelathini na minane na watoto wanne. Mkubwa wao, Arlette, anasoma sekondari Fizi-Centre, na ndiyo maana mtaani hakuna anayemwita Pulchérie kwa jina lake. Yeye ni Mama Arlette, au Mama Batri kwa wale wanaopenda utani. Kazi yake ni kuchaji kwa paneli za jua na kutibu batri zinazowasha taa za wavuvi. Malipo ya kuchaji batri moja hayafiki bei ya sahani ya ugali na samaki, lakini siku za giza zinapokuja nyumba yake hujaa, na kwa miaka kadhaa sasa karo ya Arlette imetoka hapo.

Ufundi alifunzwa na mjomba wake, Wilfried, aliyekuwa fundi wa malori. Siku ya kwanza mjomba hakumwonyesha batri. Alimpa ndimu nne, misumari ya kupigilia mabati, vipande vya waya wa shaba na kijitaa kidogo cha LED cha tochi, akamwambia awashe taa. Pulchérie alidhani mzee anamtania. Mjomba akachoma kila ndimu msumari upande mmoja na shaba upande wa pili, akaziunga kwa waya, na kijitaa kikawaka kwa unyonge, mwanga ambao ilibidi ukingwe kwa viganja ndipo uonekane.

Somo lilikuwa hilo. Chukua madini mawili yasiyofanana, uyatumbukize kwenye kitu kichachu. Moja linatoa, la pili linapokea, na kile kinachopita kwenye waya katikati ndicho umeme. Ndimu haina umeme ndani yake, na msumari hauna. Umeme unatokana na shughuli iliyopo kati yao, na shughuli ikiisha, taa inazimika.

"Bantu banawaza batri iko bidon," anasema Pulchérie, akirudisha vifuniko na kuelekeza kidevu kwenye dumu tupu la maji. "Unajaza, unafunga, unaweka. Haiko bidon. Ndani muko risasi na asidi, na ile kazi yao ndiyo inatoaka umeme. Kazi ikiisha, unapashwa kuianzisha tena."

Ndani ya batri, anaeleza, zimepangwa sahani za aina mbili: moja ya risasi tupu ya kijivu, nyingine ya risasi iliyoliwa na kutu ya kahawia. Zote zimezama kwenye asidi. Taa inapowaka ziwani, sahani zote mbili zinaanza kufunikwa na kitu cheupe, na asidi inapungua ukali mpaka inakaribia kuwa maji. Zikishafanana, hazina tena cha kupeana. Ukiichaji, umeme wa jua unarudisha mambo nyuma: ule weupe unayeyuka, asidi inapata ukali wake, na kila sahani inarudi kuwa ilivyokuwa.

Lakini weupe ule una masharti. Usipouondoa mapema unagandamana na kuwa mgumu, na ukishakuwa hivyo, paneli zote za Baraka hazitautoa.

Hapo ndipo inapoanza kesi ya Pulchérie na wavuvi wake. Desturi ya ufukweni ni kwamba mwezi ukitoka, kila kitu kinapumzika. Watu wanapumzika, nyavu zinapumzika, na batri, ikiwa imenyonywa mpaka tone la mwisho, inapelekwa nyumbani kwa mwenye ekipe na kuwekwa chini ya kitanda. Nayo inapumzika, wanasema. Inakaa hapo mpaka mwezi uishe, na asubuhi ya siku ya kwanza ya giza inaletwa kwa Mama Arlette mbio mbio ili jioni iende kazini.

Watu hawa si wazembe. Mwenye ekipe anaithamini batri yake kiasi kwamba anailalia. Anaiua kwa mapenzi, na kumweleza hivyo mtu anayeipenda mali yake ni kazi ngumu kuliko kubeba asidi.

"Muntu anapumzika kisha kula," Pulchérie huwaambia. "Batri nayo ni vile vile. Ukiilaza na njaa, haiamuke."

Walikuwa wakimcheka. Yeye mwenyewe anakiri kwamba hata maneno hayo alikuwa akiyasema nusu kwa mzaha, mpaka mwaka jana.

Mume wake, Patrice, ni mtu wa taa katika ekipe ya Papa Casimir, mzee wa Lweba ambaye vyombo vyake hutia nanga Baraka. Mtu wa taa ndiye anayewasha, anayezima, anayejua ni wakati gani wa kufifisha mwanga ili samaki wasogee juu ya wavu. Ni kazi ya mtu mtulivu, na Patrice ni mtulivu hasa. Majirani wanasema ukimsalimia asubuhi anakujibu mchana.

Usiku wa kwanza wa giza, mwaka jana, walikwenda mbali, nje ya ncha ya Ubwari. Batri zilikuwa zimechajiwa siku hiyo hiyo na Pulchérie. Hazikumaliza hata nusu ya usiku. Taa zilififia moja baada ya nyingine, na wakabaki gizani katikati ya ziwa. Boti ya mizigo iliyokuwa ikienda kasi haikuwaona. Ilipita karibu mno, ikavunja boriti iliyounganisha mitumbwi yao miwili, na Patrice akarushwa majini. Wenzake walimpata kwa kufuata sauti.

Alirudi asubuhi amevimba mkono, akala, akalala. Hakumlaumu mkewe, na mpaka leo hajawahi kuusimulia usiku ule. Waliosimulia ni wenzake.

Pulchérie alizifungua zile batri akakuta sahani nyeupe kama zilizopakwa chokaa. Ndipo alipoelewa. Batri iliyogandamana inadanganya. Ukiichaji, kipimo kinapanda haraka haraka na kusema imejaa, kwa sababu sehemu yake iliyo hai ni ndogo na inajaa upesi. Ni kama mtu mwenye tumbo lililosinyaa. Kijiko kimoja kinamshibisha, na saa moja baadaye ana njaa tena.

"Mi ndiye nilisema imejaa," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mikono yake inatulia. "Bwana yangu aliniuliza, nikamuambia imejaa, enda. Yeye akaenda na neno langu."

Aliona aibu na hofu, anasema, na hofu ndiyo iliyobaki. Kila jioni ya giza, mtu anayepanda mtumbwini na batri alizozigusa yeye ni baba wa watoto wake. Asipoweza kuwa na hakika na batri, hawezi kuwa na hakika kwamba Patrice atarudi.

Baada ya tukio lile Papa Casimir alinunua batri nne mpya na kutangaza ufukweni kwamba fundi ndiye aliyeziharibu zile za kwanza. Pulchérie hakubishana. Alimfuata kijijini kwake, Lweba, na kumwomba jambo moja tu: mwezi ukitoka, batri zisiende chini ya kitanda. Ziletwe kwake siku hiyo hiyo, zikae kwake zikila kidogo kidogo mpaka giza.

Mzee alikataa mara mbili. Alikuwa na sababu, na haikuwa ya kijinga. Ukiacha batri mpya kwa watu wa kuchaji, unaweza kurudi ukakuta imebadilishwa na kuukuu iliyofutwa vumbi. Au inatumika kuonyeshea mpira kwenye ukumbi wa video wa jirani, wewe ukidhani inatunzwa. Mambo hayo yanatokea.

Siku chache zilizopita, mwezi ulipotoka, ndipo alipokubali, kwa namna yake. Alifika kwa Pulchérie na batri nne kwenye toroli, na juu ya batri amebeba mnyororo wa nanga na kufuli. Akazifunga zote nne kwenye nguzo ya banda la kuchajia, akaacha vichwa vya kuungia waya tu vikifikika, akatia ufunguo mfukoni na kwenda zake. Watoto wa mtaa walikuja kutazama batri zilizofungwa kama wafungwa. Patrice aliutazama mnyororo, akamtazama mkewe, akaenda kuoga ziwani.

"Alinitukana bila kufungua kinywa," anasema Pulchérie, na anacheka sasa. "Lakini nikasema, acha afunge. Mi sitaki kufuli yake, mi nataka siku zake."

Siku alizipata. Banda lake limezungukwa na matundu ya hewa pande zote, na lina sheria ambazo hata Papa Casimir hasamehewi: hakuna sigara, hakuna jiko la makaa, hakuna kiberiti. Batri inayokaribia kujaa huanza kuchemka ingawa haina moto, kwa sababu umeme unaoingia unaanza kuyapasua maji yenyewe. Hewa inayotoka pale, haidrojeni, ni nyepesi, haina harufu, na inashika moto ukiichokoza.

Anayelijua hilo vizuri ni jirani yake, Marie-Rose Kaneza, mkimbizi kutoka Burundi aliyekuja na jembe lake na sasa anakaanga mandazi wakati shamba halimhitaji. Jiko lake lilikuwa ukutani kwa banda. Siku moja mteja aliinama juu ya batri akiwa na sigara mdomoni; vifuniko viliruka, asidi ikatapakaa, na mteja akanusurika kwa sababu Marie-Rose alimmwagia ndoo nzima ya maji usoni kabla hajajua kilichompata. Tangu hapo jiko limehamia ng'ambo ya njia. Marie-Rose anasema wateja wamepungua, lakini nyusi zake bado anazo.

Arlette alipokuja likizo, alimweleza mama yake jambo walilofundishwa darasani: kwamba kuna mitambo inayofanya kinyume cha batri inayochemka. Inalishwa haidrojeni upande mmoja na hewa ya kawaida upande wa pili, vinakutana taratibu bila moto, vinatoa umeme, na kinachodondoka chini ni maji. Haina haja ya kuchajiwa. Inafanya kazi mradi inalishwa. Pulchérie aliyatazama matundu ya banda lake.

"Kumbe mi kila siku nafukuza umeme kwa dirisha," alimwambia binti yake.

Hana ndoto ya kuikamata. Anajua kwamba kuitunza hewa ile kunahitaji vyombo ambavyo Baraka haina. Lakini anapenda kujua kwamba mapovu anayoyaogopa ni jamaa wa karibu wa mwanga anaouuza.

Maji ni suala jingine. Wavuvi wamezoea kujaza batri kwa maji ya ziwa, kwa kuwa ziwa ndilo linalowapa kila kitu. Lakini maji hayo yana chumvi zake, na zinaziharibu sahani. Pulchérie anakinga mvua kwa beseni la plastiki katikati ya uwanja, mbali na bati, na kuichuja kwa kitambaa. Asidi haongezi kamwe. Inayokauka ni maji, asidi inabaki.

Siku ya mwisho ya mbalamwezi, Papa Casimir anakuja na ufunguo wake. Anafungua mnyororo, anapapasa batri upande kwa upande kutafuta alama alizozichora kwa msumari, anazikuta. Anaridhika. Ndipo Pulchérie anapotenga moja pembeni na kumwambia hiyo isiende.

Chumba chake kimoja kati ya sita hakichemki, anamwonyesha. Vitano vinatoa mapovu, cha sita kimenyamaza kama kisima kilichokauka. Mzee anapandwa na hasira. Ameleta nne, anarudishiwa tatu, na jioni ni ya kwanza ya giza, ekipe nzima inangoja. Anasema kipimo kinaonyesha ina nguvu. Anasema hivi ndivyo alivyotarajia.

Watu wameshasimama njiani. Marie-Rose ameacha mandazi yake. Pulchérie anavua miwani.

"Papa Casimir, mwaka jana nilikuambia imejaa, nayo haikujaa. Ulinisikia. Leo nakuambia hii imekufa, unisikie pia. Patrice ataenda na tatu."

Mzee anaigeukia batri iliyotengwa. Kisha anamwita Patrice, aliyekuwa ameegemea mlango muda wote huo, na kumuuliza kama atakubali kwenda na batri tatu badala ya nne.

Patrice anajibu kwamba kama mkewe amesema tatu, ni tatu.

Batri iliyokufa haitupwi. Ufukweni wapo wanaozipasua na kuyeyusha risasi kwenye sufuria za nyumbani ili wapate vizito vya nyavu, na muuguzi wa zahanati aliwahi kuwaonya akina mama kwamba moshi ule unaharibu akili za watoto. Pulchérie anaifungia kwake mpaka apite mnunuzi wa Uvira. Jioni hiyo anaifunika kwa turubai, anateremka ziwani, na kuangalia mitumbwi ikiondoka. Usiku alilala vizuri, anasema. Arlette, aliyepo likizo, anasema si kweli.

Asubuhi akina mama wa ndakala wako ufukweni na mabeseni. Papa Casimir amesimama mbali kidogo nao, mikono nyuma. Mitumbwi inaanza kutokea upande wa Ubwari, myeusi kwenye maji yanayong'aa, na mtu wa kwanza kuona anaanza kucheka. Mmoja wa mitumbwi unakuja na taa inayowaka. Jua limeshatoka, ziwa zima ni mwanga, na kwenye chombo cha Papa Casimir taa moja inawaka nyeupe, imara, kana kwamba aliyemo hajui kama kumekucha.

Kicheko kinaenea ufukweni. Mtu wa taa amelala, wanasema. Amesahau. Papa Casimir hacheki. Anaitazama ile taa mpaka mtumbwi unagusa mchanga, kisha anateremka majini na viatu vyake, anaishika batri kwa viganja viwili, na kusema kwa sauti inayosikika kwa wenye ekipe wenzake kwamba zilikwenda tatu, na hii moja haijachoka. Wawili wao wanamsogelea Pulchérie papo hapo kuuliza kama mwezi ujao atakuwa na nafasi.

Nafasi hana. Banda lina pembe moja tu iliyobaki. Anachopanga ni kulirefusha kabla mwezi haujajaa tena, na Mungu akijalia aweke jingine ng'ambo, Ubwari, ili watu wa vijiji vya kule wasivuke ghuba na batri zenye njaa. Anawaambia walete tu, siku ya kwanza ya mbalamwezi, kabla ya kwenda kulala. Pa kuziweka atapatafuta. Macho yake yamelowa na hajali nani anaona.

Kisha anaingia majini mpaka magotini, anamfuata mumewe.

"Papa Arlette, zima ile taa. Unakula batri ya bantu bure."

Patrice anaendelea kukunja kamba. Ni mtu wa maneno machache, na haya anayasema polepole, bila kuinua kichwa.

"Mwaka jana mi ndiye nilibakia mu giza. Leo nilitaka nione itanifikisha wapi."

Pulchérie ananyoosha mkono, anaizima taa mwenyewe, kisha anaanza kufungua waya, kwa sababu jua ni zuri na batri inatakiwa ikale.